BOB MARLEY HAKUFA KWA RISASI: KIDOLE CHA MGUU KILIVYOMALIZA MAISHA YA MFALME WA REGGAE

Leo nawaletea maisha ya Robert Nesta Marley, yaani Bob Marley. Najua wengi mnamjua kwa stika za kwenye daladala na bodaboda, kwa fulana, na kwa nyimbo zake ambazo hazikosi kijiweni. Ila ukiuliza jamaa alikufaje, utapewa majibu ya kila aina. Mmoja atasema alipigwa risasi. Mwingine atasema bangi ilimla mapafu. Wa tatu atakwambia CIA walimpa viatu vyenye sumu.

Ukweli ni kwamba Bob aliuawa na kansa ya ngozi. Ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, chini ya ukucha. Tena alikuwa na miaka 36 tu! Nimeona niandike kwa sababu huku kwetu watu wanatembea peku, wanalima peku, wanacheza mpira peku, na kidole kikiwa cheusi tunasema ni kujikwaa tu. Kama umelipia nusu saa hapo kafe, hii utaimaliza na chenji inabaki. Twende kazi.

ALIKOTOKA

Bob alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 kijiji cha Nine Mile, wilaya ya Saint Ann, Jamaica. Kijiji cha milimani, watu wakulima, yaani mtu wa Mwankoko angejiona yuko nyumbani. Mama yake, Cedella, alikuwa binti mweusi wa hapohapo kijijini. Baba yake, Norval Marley, alikuwa mzungu wa Jamaica, mtu mzima kumzidi sana mama. Hakukaa na familia. Alifariki mwaka 1955 na mtoto alikuwa hajamzoea. Kwa hiyo Bob alikua kama chotara asiye na baba, akitaniwa na weusi kwa wazungu.

Miaka ya mwisho ya 1950 mama akahamia Kingston, wakafikia Trench Town, uswahilini kwa masikini kabisa. Bob aliacha shule mapema akaenda kujifunza uchomeleaji wa vyuma. Siku moja kipande cha chuma kikamwingia jichoni. Kazi ikamtoka moyoni, akaona bora muziki. Mwaka 1963 yeye na washkaji zake Peter Tosh na Bunny Livingston wakaanzisha kundi la Wailers. Wimbo wao wa kwanza uliotamba ulirekodiwa kwa Coxsone Dodd pale Studio One, na vijana wa Kingston wakawajua. Hela lakini haikuonekana.

Februari 1966 akamuoa Rita Anderson, na siku chache tu baada ya harusi akaondoka kwenda Marekani kwa mama yake, Wilmington, jimbo la Delaware. Huko alipiga kibarua, pamoja na kiwanda cha magari cha Chrysler. Mfalme wa reggae alikuwa kibarua wa kiwandani, wadau! Akiwa hukohuko, Aprili 1966, Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alitembelea Jamaica. Rita alimwona. Bob aliporudi akaingia kwenye imani ya Rastafari moja kwa moja. Hili la imani liweke akilini, maana litarudi kwenye habari ya kidole.

KUPANDA JUU, NA RISASI ZENYEWE

Mwaka 1973 kampuni ya Island ya Chris Blackwell ilitoa albamu yao ya kwanza ya kimataifa. Baada ya hapo Tosh na Bunny wakajitoa, kila mtu na njia yake. Bob akabaki na jina, na Rita, Judy Mowatt na Marcia Griffiths wakawa waitikiaji wake. Dunia ikaanza kusikia reggae.

Sasa hizo risasi. Ni kweli zilikuwepo. Jamaica ya 1976 ilikuwa inawaka moto kwa siasa, vyama viwili vikubwa vina magenge yenye bunduki mitaani. Tarehe 3 Desemba 1976 watu wenye silaha wakavamia nyumba ya Bob, namba 56 Hope Road, Kingston. Rita alipigwa risasi ya kichwa akapona. Meneja Don Taylor alipigwa risasi kadhaa akapona. Bob mwenyewe alijeruhiwa kifuani na mkononi. Siku mbili baadaye akapanda jukwaani akapiga shoo ya bure mbele ya maelfu ya watu, kisha akaondoka nchini. Kwa hiyo anayesema Bob alipigwa risasi hajakosea. Kakosea kusema ndiyo iliyomuua.

KIDOLE

Mwaka 1977 Bob alikuwa akiishi London. Albamu ya Exodus imetoka, ziara ya Ulaya inaendelea. Na kila aliyemfahamu anajua kwamba baada ya muziki, jamaa alipenda mpira kupita maelezo. Popote msafara uliposimama, mpira ulishuka kwenye basi kwanza.

Mei 1977 wakiwa Paris walicheza na waandishi wa habari wa Kifaransa. Bob akaumizwa kidole gumba cha mguu wa kulia, ukucha ukang'oka. Akafungwa bandeji, akaambiwa apumzike. Hakupumzika. Aliendelea na ziara, akaendelea kuruka jukwaani, na kidonda hakikufunga. Mwezi Julai madaktari wakachukua kipande cha nyama wakakipima. Jibu likaja: melanoma, kansa inayotoka kwenye chembechembe zinazoipa ngozi rangi yake.

Hapa naomba tuelewane, maana najua kwenye maoni kuna mtu ataandika kwamba mpira ulimpa Bob kansa. Teke la mpira sio lililotengeneza kansa ile. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba ugonjwa ulikuwepo tayari chini ya ukucha, na kuumia ndiko kulikofanya watu wakiangalie kile kidole. Na aina yake ni ile inayoota kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Kwetu sisi weusi, na kwa Waasia, hiyo ndiyo melanoma ya kawaida zaidi kuliko aina nyingine zote za melanoma. Haitegemei jua. Kwa hiyo hata ukisema Bob alikuwa chotara ndio maana, hapana. Kansa ile ni ya kwetu pia, tena sisi huwa inatukuta imeshakomaa kwa sababu hakuna anayeitarajia.

Madaktari wa London walimshauri kidole kikatwe. Bob akakataa. Sababu zinazotajwa na waliokuwa karibu naye ni mbili: imani ya Kirasta inayokataza mwili kukatwa, na hofu ya kushindwa kucheza jukwaani na uwanjani. Akaenda Miami, Marekani. Huko daktari wa upasuaji akamfanyia kitu cha katikati: akaondoa sehemu iliyoathirika bila kukata kidole chote, akachukua ngozi ya paja akapandikiza pale. Ziara ya Marekani ya mwaka ule ikafutwa. Baada ya miezi kadhaa akaonekana amepona.

Je, angekatwa kidole angepona? Hakuna anayeweza kuapa. Inawezekana mbegu zilishatoka kidoleni kabla hata ya Julai. Ila madaktari wote wanakubaliana jambo moja: melanoma ikiondolewa ikiwa bado nyembamba, nafasi ya kupona ni kubwa sana, na kila milimita inavyozidi kuzama chini, nafasi inapungua. Mwaka 1977 ikishasambaa hapakuwa na dawa ya maana. Dawa za kizazi kipya zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na melanoma zilianza kuruhusiwa mwaka 2011, miaka 30 baada ya kifo chake.

DAKTARI ANAANGALIA NINI

Wenzetu Uingereza mtu anaanza kwa daktari wa familia, yule anayekujua wewe na mama yako. Sisi wa kwetu ni tabibu au nesi wa zahanati. Kazi yao ni ileile: sio kutibu kansa, bali kuishuku mapema na kukupeleka mbele. Na hawahitaji mashine ya ajabu. Wanafanya hivi.

Kwanza maswali. Doa au kidonda kimeanza lini? Kimebadilika? Kinatoa damu? Uliumia kweli, au umekisia tu kwamba uliumia? Hilo la mwisho ni muhimu, maana kila mtu amewahi kujikwaa, na kujikwaa kunabebeshwa lawama zote.

Pili macho. Daktari mzuri atakuvua viatu. Ataangalia nyayo, katikati ya vidole, kucha zote 20. Dalili zinazomshtua ni hizi:

- Mchirizi mweusi au wa kahawia kwenye ukucha MMOJA tu, mpya, unaozidi kupanuka, au wenye rangi zilizochanganyika.
- Weusi unaotoka kwenye ukucha ukaingia kwenye ngozi ya pembeni au ya mzizi wa ukucha. Daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson aliieleza dalili hii tangu karne ya 19 na hadi leo inaitwa kwa jina lake.
- Ukucha unaopasuka au kuinuka bila sababu, chini yake nyama.
- Doa la unyayo au kiganja lenye kingo zisizo sawa, linalokua.
- Kidonda kisichofunga kwa wiki nyingi pamoja na kusafishwa na kupewa dawa.

Msianze kutetemeka sasa. Sisi weusi wengi wetu tuna michirizi myembamba kwenye kucha kadhaa na ni kawaida kabisa. Na ukucha mweusi mara nyingi ni damu iliyovilia baada ya kuumia, au fangasi. Damu ina tabia moja: inasogea mbele na ukucha. Ukucha wa mguu unaota polepole, kama milimita moja hivi kwa mwezi, kwa hiyo daktari anaweza kupima au kupiga picha kwa simu, akakwambia urudi baada ya mwezi mmoja au miwili. Ukikuta doa limesogea na nyuma yake umeota ukucha msafi, ilikuwa damu. Likiwa palepale au limepanuka, hapo hakuna tena kusubiri.

Tatu mikono. Anakushika kwenye kinena kutafuta mitoki. Ugonjwa wa mguuni ukianza kusafiri, kituo cha kwanza mara nyingi ni pale.

Nne kipimo. Jicho linashuku, maabara ndiyo inayothibitisha. Inakatwa nyama kidogo inapelekwa kwa mtaalamu wa darubini. Kuna imani imeenea kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Sio kweli kwa kipimo hiki. Kinachosambaza ni muda. Hatari nyingine ni kukata kiholela, kwa wembe, kwa dawa ya kuunguza, halafu kile kilichokatwa kinatupwa. Kikitupwa kwenye ndoo, jibu limetupwa nacho.

AFRIKA

Turudi kwa Bob. Baada ya matibabu ya Miami alifanya mambo makubwa kuliko yote ya maisha yake, na ndiyo maana wengi walisahau habari ya kidole. Aprili 22, 1978, kwenye shoo ya amani pale Kingston, aliwaita jukwaani mahasimu wawili wa siasa, Waziri Mkuu Michael Manley na Edward Seaga, akawashikanisha mikono mbele ya umati. Mwishoni mwa mwaka huohuo akakanyaga ardhi ya Ethiopia. Mwaka 1979 akatoa albamu ambayo jalada lake limejaa bendera za nchi za Afrika. Mwanzoni mwa 1980 alipiga Gabon.

Kisha Aprili 1980, Zimbabwe. Nchi inapata uhuru usiku wa kuamkia tarehe 18, na Bob alisafirisha vyombo kwa gharama zake mwenyewe mpaka uwanja wa Rufaro. Watu walisukumana nje, polisi wakapiga mabomu ya machozi, moshi ukaingia uwanjani, shoo ikakatika, baadaye ikaendelea. Kesho yake akawapigia tena wananchi waliokosa. Mtanzania akisoma hapa avimbe kichwa kidogo. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao Dar es Salaam, na wapiganaji wa Zimbabwe walifunzwa kwenye kambi za ardhi yetu. Ule usiku wa Bob ulikuwa na jasho la wazee wetu pia.

Wakati wote huo ugonjwa ulikuwa njiani. Ndio ubaya wa melanoma. Inaweza kukaa kimya miaka kadhaa, halafu ikatokea mahali pengine kabisa. Ndio maana mtu aliyetolewa moja anatakiwa arudi kuangaliwa kila baada ya miezi michache kwa miaka, ngozi yote na mitoki, hata kama anajisikia mzima kama chuma.

MWISHO WAKE

Juni 1980 Bob alijaza uwanja wa San Siro, Milan. Septemba akatua New York akapiga shoo mbili Madison Square Garden. Tarehe 21 Septemba alikuwa anakimbia mazoezi kwenye bustani ya Central Park, akaanguka. Vipimo vikaonyesha kansa imeshafika kwenye ubongo. Ilikuwa pia kwenye mapafu na ini. Tarehe 23 alipanda jukwaani Pittsburgh, akamaliza shoo. Hakupanda tena.

Alitibiwa New York, dawa zikamnyonyoa rasta zake. Novemba 1980 alibatizwa katika Kanisa la Othodoksi la Ethiopia. Kisha akaenda Bavaria, Ujerumani, kwa daktari Josef Issels aliyekuwa na tiba yake ya kipekee ambayo haikuthibitishwa kisayansi. Alikaa huko miezi ya baridi kali, akikonda. Mei 1981 alipoona haiwezekani, akataka arudi Jamaica kufia nyumbani. Hakufika. Alizidiwa njiani akalazwa Miami, na tarehe 11 Mei 1981 akafariki. Jamaica ilimzika kitaifa tarehe 21 Mei, akarudishwa Nine Mile kijijini alikozaliwa.

SISI HUKU

Hapa kijijini kuna mzee mmoja, jina naliacha, alikaa na kidonda cha unyayo karibu na kisigino kwa zaidi ya mwaka. Kwanza kiliitwa mwiba, halafu funza, halafu donda ndugu, mwisho kikaitwa kurogwa. Kila jina lilikuja na dawa yake na gharama yake. Mjukuu wake ndiye aliyeona weusi unatambaa pembeni ya kidonda, akamsukuma mpaka hospitali. Alipofika kulikuwa na mtoki kinenani. Anatibiwa, ila angetangulia mwaka mmoja, maneno ya daktari yangekuwa mengine.

Najua kinachotukwamisha. Nauli, msimu wa kilimo, na aibu ya kwenda hospitali kwa ajili ya ukucha. Lakini hatua ya kwanza ni zahanati, na kutoka Mwankoko kwenda mjini Singida sio mbali. Rufaa ikitoka, kuna KCMC Moshi, ambako kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kilianza mwaka 1992, kuna Bugando Mwanza, na kuna Ocean Road Dar es Salaam.

Na tusiwasahau ndugu zetu wenye ualbino. Kwao hadithi ni nyingine: kansa ya ngozi inayowasumbua zaidi inaletwa na jua, inatokea usoni, masikioni, mdomoni, shingoni, na inaanza ujanani. Jua la Singida kwenye shamba la alizeti halina huruma. Kofia pana, mikono mirefu, kazi za asubuhi na jioni, na krimu ya jua. Pale KCMC walianzisha krimu yao iitwayo KiliSun kwa ajili hiyohiyo. Kidonda cha mdomo au sikio kisichopona kwa mtu mwenye ualbino ni safari ya hospitali wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo leo ukioga, kaa chini, geuza unyayo, tazama kucha zako. Halafu mtazamie na bibi, maana yeye hawezi kuinama wala macho hayaoni. Dakika 2 tu.

Maoni ruksa hapo chini. Mwenye uzoefu, tabibu au nesi anayetusoma, tunaomba mchango wako. Wale wa viatu vya CIA nanyi karibuni, ila mje na hoja. Nawakilisha.